Nani Alikuambia Habari ya Kiatu?

Jumapili iliyopita mliniacha mezani, nikimsubiri mtu nisiyemjua. Kwa yule ambaye gazeti lake lilifungiwa samaki kabla hajalisoma, nitarudia kwa kifupi. Kwa kifupi tu, maana aliyekuwa akija hakuwa mtu wa kuwekwa mlangoni.

Mimi ndiye Leander Pruitt. Nimekuwa meneja wa mabondia waliojua mapema raundi ya kuanguka. Nimeuza picha za wachoraji mashuhuri waliokufa zamani, rangi ikiwa bado mbichi. Nimekuwa mume wa mjane tajiri, ndoa iliyoanza na theluji ya kwanza na kuyeyuka nayo. Mwisho wa yote nikawa mtunzi wa tamthilia huko New York, na watu wakanipigia makofi.

Sinema ilipoanza kusema, studio moja ya Los Angeles ikaniita niipe la kusema.

Tamthilia yangu iliyovuma kuliko zote ni *Harusi ya Mwenye Mgodi*. Ndiyo iliyokuwa ikigeuzwa filamu. Na ndiyo iliyomleta Ambrose Tully.

Tully alikuwa na migodi ya fedha Nevada, na mwezi ule alikuwa amenunua nusu ya studio. Bosi wetu, Gus Harnack, alinishika bega asubuhi ile na kuniambia, "Lee, mzee huyu ukimchekesha tutakula. Ukimnunisha tutalala njaa, na wewe utatangulia kulala."

Basi nilikwenda kuchekesha.

Aliingia, akaketi, akaweka mikono juu ya meza. Mikono mikubwa, safi kama ya mkunga.

"Bwana Pruitt. Tamthilia yako nimekwenda kuitazama zaidi ya mara moja."

"Pole sana, mzee. Mimi niliitazama mara moja, tena nikiwa nimelewa."

Hakucheka. Mhudumu alileta nyama na wiski. Wiski ilikuwa kwenye vikombe vya chai, maana miaka ile serikali ilikuwa imeipiga marufuku, na hata polisi waliokuwa meza ya pili walikuwa wakinywa "chai" yao taratibu.

"Kuna mahali," Tully akasema, "mwenye mgodi anampeleka mchumba wake mlimani kuona shimo la zamani. Kabla hajamsukuma, anapiga magoti na kumfunga kamba za kiatu."

"Hapo ndipo wanawake hutoa leso."

"Mimi sikutoa leso." Akaniangalia. "Nani alikuambia habari ya kiatu?"

"Habari ipi, mzee? Nimebuni tu."

"Wewe mwenyewe?"

"Kila neno. Hata nukta ni zangu."

Alianza kukata nyama. Aliikata vipande vidogo vidogo, akaipanga, asile hata kimoja.

"Nina rafiki yangu," alisema, "aliyewahi kumfunga mtu kiatu namna ile. Mlimani, mbali, hapakuwa na watu. Angependa sana kumjua aliyekusimulia."

"Mwambie rafiki yako kwamba vichwa vya wajanja hukutana njiani."

"Nitamwambia." Alisimama, akavaa kofia. Kisha akainama kidogo, akachungulia chini ya meza. "Viatu vizuri hivyo, Bwana Pruitt. Usije ukajikwaa."

Alipotoka, nyama yake ilikuwa bado pale, imekatwa yote.

Nikajiambia ni mzee tu, jua la Nevada limemchemsha ubongo. Nikamaliza chai yake, nikamaliza na yangu, nikaendesha gari hadi nyumbani. Jua lilikuwa linawaka, majirani wanamwagilia maua. Kufuli la mlango wangu lilikuwa kama nilivyoliacha.

Nikafungua.

Viatu vyangu vyote vilikuwa sebuleni. Vya ngozi, vya turubai, vya kuogea baharini, hata vile vya harusi yangu vilivyokuwa ndani ya sanduku. Vimepangwa mstari mmoja, ncha zikiangalia mlango. Na kila chenye kamba kilikuwa kimefungwa. Kimefungwa mafundo ya kukazwa kwa nguvu, yasiyofunguka kwa kucha. Nilichukua kisu.

Hakuna kilichoibwa. Pete yangu ilikuwa mezani. Saa niliyoondoka nayo kwa yule mjane ilikuwa ukutani inagonga.

Mwizi ningemwelewa. Mimi na wezi tunaelewana. Huyu sikumwelewa.

Sasa sogeeni karibu. Hapa nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya watu.

Ile habari ya kiatu sikuibuni mimi.

Sikuwa nimebuni hata harusi. Mzaha wa sehemu ya kwanza ni wangu, na yule mlevi wa sehemu ya mwisho ni wangu. Mengine yote aliyaandika mwanamke mmoja aitwaye Hulda Lindqvist.

Hulda alikuwa mwigizaji. Siku moja mlango wa sakafu ya jukwaa ulifunguka chini yake katikati ya wimbo, akaanguka, nyonga ikavunjika. Tangu hapo akachechemea, na hakuna jukwaa lililomtaka. Nilimkuta New York, kwenye nyumba ya wapangaji, akiandika huku supu yake inapoa. Nikasoma kurasa alizoziacha mezani. Nikajua pale pale kwamba nimeokota dhahabu.

"Mwanamke kilema, mwenye jina la Kiswidi refu kama treni," nilimwambia. "Nani atanunua? Tumia jina langu."

Akatumia. Bango likaandikwa LEANDER PRUITT. Watu wakaniuliza mambo haya unayatoa wapi, nami nikagonga kichwa changu kwa kidole. Niligonga miaka mingi mpaka nikaanza kusadiki kwamba mlikuwa na kitu ndani.

Studio iliponiita Los Angeles nilikuja naye. Nilikwenda kwake jioni ile ile kabla jua halijazama. Alikuwa amepanga chumba juu ya kilima, dirisha linatazama reli. Nilimkuta anamenya viazi.

"Hulda, kile kiatu ulikitoa wapi?"

Kisu kikasimama.

"Amekuja?" akauliza.

Sikuwa nimetaja mtu.

"Nani amekuja?"

"Lee, usinichezee. Ambrose Tully amekuja?"

Nikakaa kwenye kitanda, kiti kilikuwa kimoja. Nikamweleza yote, chakula cha mchana, vikombe, viatu. Alisikiliza huku maganda ya viazi yakining'inia mkononi. Nilipomaliza aliosha kisu, akakifuta, akakirudisha mahali pake.

"Nilikuwa na dada," alisema. "Svea. Alikuwa mpishi wa wachimbaji, kule kwetu Nevada. Tully alikuwa msimamizi tu wakati huo. Akamchumbia dada yangu. Halafu akampata binti wa mwenye benki."

"Kwa hiyo..."

"Nyamaza, Lee. Mara moja maishani mwako, nyamaza. Alimwambia twende tukaangalie shimo la zamani. Mimi niliwafuata. Svea alikuwa na mkate mtamu kwenye kikapu, nami nilikuwa mlafi. Nilijificha nyuma ya toroli la mawe. Nikaona anapiga magoti, anamshika kiatu. Nikadhani anambusu mguu! Nikashikwa na kicheko. Nikaziba mdomo, nikafumba na macho nisicheke. Nilipofumbua, Tully alikuwa peke yake."

Treni ilipita chini. Tulingoja ipite.

"Ulimwambia nani?"

"Mkuu wa polisi. Akanipa peremende, akanishika mkono mpaka nyumbani. Mwenye mgodi wa wakati huo akamfukuza baba kazi siku ile ile, habari ikazimwa hapo hapo. Mama akaniambia, Hulda, hukuona kitu. Nikasema sawa, sikuona. Halafu nikaenda kujifunza kazi ya jukwaa, mahali ambapo mtu anaweza kusema kweli kwa sauti kubwa na wote wakadhani anaigiza."

Nilianza kuelewa, na kadiri nilivyoelewa ndivyo hasira ilivyonipanda.

"Uliiandika makusudi! Ulijua akiiona atakuja!"

"Nilitumaini."

"Na akija atamtafuta nani? Si mimi? Umenifanya chambo, Hulda!"

"Jina lilikuwa lako. Ulilitaka bangoni, ukalitaka magazetini, herufi kubwa. Nikasema vyema, mwenye jina na abebe kilichomo."

"Ningeuawa!"

"Bado hujauawa. Utakula viazi?"

Niliinuka. Nikamwambia Mexico iko karibu, tuondoke wote wawili, kule watu hawaulizani majina. Akatikisa kichwa.

"Nenda. Kukimbia hujafundishwa na mtu. Hata viatu vikifungwa mafundo wewe utakimbia."

Nami nikaenda. Sitawadanganya, nilikwenda. Nilirudi nyumbani nikajaza sanduku, asubuhi nikalitupa garini, nikawa nageuza ufunguo. Gari jingine likaja likaniziba. Gus Harnack akateremka, uso umejaa furaha kama mtu aliyezaliwa upya.

"Lee! Umefungasha tayari? Umejuaje?"

"Nimejua nini?"

"Tully anatupa mgodi wake mwenyewe tupigie ile picha ya shimo! Shimo la kweli, mlima wa kweli, bila kulipa. Tunapanda treni leo. Wewe unakuja, na yule mpiga chapa wako."

"Mpiga chapa gani?"

"Yule kilema. Tully aliniuliza nani anakupigia chapa kazi zako. Nikamwambia ni Hulda, Hulda nani sijui, jina la Kiswidi, linanishinda."

"Akasemaje?"

"Ajabu, aliinamisha kichwa. Akawa kama anasikiliza. Halafu akafurahi, Lee! Mzee yule, sijawahi kumwona akifurahi. Akasema hakikisha na yeye anakuja."

Gari lake likarudi nyuma, likaniachia njia. Barabara ilikuwa nyeupe mbele yangu. Mexico ilikuwa palepale.

Maisha yangu yote nimekimbia njia ikiwa imezibwa. Siku ile ilikuwa wazi, na miguu ikagoma. Nilishusha sanduku.

Ndani ya treni nilikaa na Hulda. Alivaa koti jeusi, glavu na kofia, kama anayekwenda kanisani.

"Baki mjini," nilimsihi. "Usipande mlimani. Akiuliza, nitasema nilibuni mimi. Wewe hujui kitu, unapiga chapa tu."

Alizinyoosha glavu zake vidoleni.

"Huo ukiwa uongo wako wa kwanza kumfaa mtu mwingine, Lee, nitaukumbuka. Lakini nitapanda. Huko ndiko nilikozaliwa."

Mlima ulikuwa mkavu, hauna hata mti wa kujishikilia. Watu wa studio walikuwa wamefika kabla yetu. Kamera ilikuwa imesimamishwa, lori la sauti limeegeshwa, maikrofoni imefichwa ndani ya kichaka kilichokauka karibu na shimo. Shimo lenyewe lilikuwa limezibwa kwa mbao miaka yote ile. Mbao zilikuwa zimeondolewa.

Tully alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwongozaji. Alinivulia kofia. Hulda, aliyekuwa amesimama nyuma ya kamera, hakumtazama hata mara moja.

Mwigizaji wetu alijaribu kupiga magoti. Akajaribu tena. Tully akainuka.

"Huyu kijana anapiga magoti kama anayetafuta kifungo cha shati. Nitamwonyesha. Bwana Pruitt, tafadhali, simama pale anaposimama binti."

Watu wote wakacheka. Harnack akapiga makofi. "Zungusha kamera!" akapaza sauti. "Tutawaonyesha wajukuu zetu!"

Nilisimama. Visigino vyangu vilikuwa ukingoni. Jua lilikuwa linachoma uso, lakini mgongoni kulikuwa na upepo wa baridi uliotoka chini, wenye harufu ya chuma na maji ya zamani.

Tully alipiga magoti mbele yangu. Alipiga magoti vizuri, polepole, kama mpenzi. Mkono wake mkubwa ukakishika kifundo cha mguu wangu wa kulia.

"Nani?" akanong'ona.

"Mimi."

"Ukinitajia jina utarudi kula chakula cha mchana na wenzako."

Msomaji, mimi nimewauza rafiki zangu kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana. Ulimi ulikuwa tayari. Nikautazama uso wa Hulda kule nyuma, mweupe chini ya ile kofia ya kanisani.

"Hakuna mwingine," nikasema. "Niliyaota usingizini. Sukuma kama unasukuma."

Kisha sauti ikatoka nyuma ya kamera, sauti ya mtu aliyefundishwa kusikika hadi viti vya mwisho.

"Siyo mguu huo, Ambrose. Ulikuwa wa kushoto."

Hakuna aliyecheka tena. Kamera ilikuwa bado inaunguruma.

Tully hakugeuka. Alitabasamu akiangalia kiatu changu.

"Hulda mdogo," alisema kwa upole, kama anayemsalimu mtoto wa jirani. "Umekawia sana. Bwana Pruitt, wewe sikukuhitaji unijibu. Jina nililipata tangu kwa Harnack. Nilitaka tu ajitokeze mwenyewe."

Nikatambua, nikiwa na utupu mgongoni, kwamba nilikuwa chambo cha wote wawili.

"Niliposikia hilo jina," Tully akaendelea, "ndipo nikaelewa. Dada yako hakufa siku ile, Hulda. Kuna mwamba umetokeza huko chini, alidondokea pale. Alikuwa anaita. Hulda, Hulda. Mimi nilidhani ni kiu imempagawisha, anamwita mdogo wake aliye nyumbani. Kumbe alikuona nyuma ya toroli. Alijua kwamba unajua alipo. Aliita mpaka Jumanne. Nilikuwa nakuja kila asubuhi, nakaa hapa, nasikiliza. Kila asubuhi nikangoja nione kama kuna mtu atakuja kumtoa. Hukuja."

Hulda hakulia. Mdomo wake ulifunguka, na sauti ile iliyofundishwa haikutoka.

Mlango wa lori la sauti ukafunguka. Fundi akatoka, vyombo vya kusikilizia vikiwa bado masikioni, uso umempauka. Alikuwa amesikia kila neno, na mashine yake ilikuwa imesikia pamoja naye. Akakitazama kile kichaka kikavu. Harnack naye akakitazama.

Na Tully, kwa mara ya kwanza, akakitazama.

Nikadhani tumepona! Nikafungua mdomo niseme, Gus, umesikia, watu wote wamesikia. Harnack alikuwa amevua miwani. Aliifuta kwa leso, taratibu, huku na huku. Akamwangalia mzee aliyenunua nusu ya studio yake. Akaangalia watu wake, wenye wake na watoto.

"Zimeni mitambo," alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Ni wakati wa chakula. Nendeni wote mkale. Wote."

Kamera ikanyamaza. Fundi wa sauti alivua vile vyombo masikioni, akakunja waya wake, akashika njia ya kuteremka. Mwigizaji akamfuata. Mpiga picha akamfuata. Walipita mbele yetu mmoja mmoja, kila mtu akitazama kisogo cha mwenzake. Harnack alikuwa wa mwisho, na hakugeuka.

Vumbi lao likatulia. Mkono wa Tully ukakaza kwenye kifundo changu mpaka nikasikia mfupa.

Hulda hakuwa ameondoka. Alivua glavu, moja, kisha ya pili, akaziweka juu ya jiwe. Halafu akaanza kuchechemea kuja tulipo. Niacheni hapo ukingoni hadi Jumapili ijayo.